Fangio, Fundi wa Balcarce

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata penye magari akaniuliza mtu anahitaji nini ili awe dereva wa mashindano. Alikuwa amesikia kwamba ujanani niliendesha magari ya mizigo na kwamba sasa nina gereji. Nilikuwa na haraka, nikamjibu kuwa yataka moyo tu, nikapanda gari nikaenda zangu. Jibu hilo limenikera mwaka mzima, maana si la kweli. Basi namjibu upya kwa kueleza maisha ya mtu ambaye nimekuwa nikisoma habari zake tangu nilipokuwa nalala katika mabweni yale yale anayolala yeye.

Juan Manuel Fangio alizaliwa tarehe 24 Juni, 1911, katika mji mdogo wa Balcarce, nchini Argentina. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, na baba yake alikuwa mwashi. Akiwa na miaka 13 hivi aliacha shule akaenda kujifunza umakanika (hilo msimwige, nisije nikalaumiwa na mwalimu mkuu). Wenzake kwenye mpira walimwita El Chueco, yaani Mwenye Matege. Alipomaliza utumishi wa jeshi alifungua gereji yake mwenyewe mjini kwao.

Mashindano ya huko siku zile yalikwenda maelfu ya kilomita katika barabara za vumbi na mawe, hadi juu ya milima ya Andes. Kitu kikivunjika njiani, dereva na msaidizi wake walikitengeneza wenyewe. Sisi tuliokuwa tukisimama kando ya njia wakati wa Pasaka kupigwa vumbi na magari ya Safari twaweza kukisia kidogo. Watu wa Balcarce walichangishana fedha ili fundi wao apate gari la kushindania, na mwaka 1940 alishinda shindano la kutoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi, karibu kilomita 9,500, kwa Chevrolet. Huko ndiko alikojifunza kulihurumia gari. Aliyeua gia au breki mlimani hakufika.

Mwaka 1948, katika shindano la kwenda Caracas, gari lake liliacha njia nchini Peru likabingirika. Msaidizi na rafiki yake, Daniel Urrutia, akafa.

Hapa nasimama kidogo. Mimi pia nilikuwa na utingo. Nilikuwa nimeendesha usiku kucha, nikakataa kupumzika kwa sababu niliona haya kuonekana nimechoka, na alfajiri gari likaingia korongoni. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika, yeye hakutoka. Mama yake alinisamehe mbele ya watu, na mpaka leo nikikutana naye sokoni sijui mikono yangu niiweke wapi. Kwa hiyo nikisoma kwamba Fangio alifikiri kuacha kabisa, sihitaji kuelezwa.

Hakuacha. Mwaka 1949 alikwenda Ulaya, naye alikuwa anakaribia miaka 38. Mwaka uliofuata, huko Monaco, magari mengi yaligongana nyuma yake katika mzunguko wa kwanza, kwenye kona asiyoweza kuona mbele yake. Alipokaribia tena mahali pale aligundua kwamba watazamaji hawamtazami yeye aliye wa kwanza. Aliona visogo badala ya nyuso. Akakanyaga breki, akapita polepole katikati ya mabati, akashinda. Kijana wangu, moyo hapo ungemwua. Macho ndiyo yaliyomwokoa.

Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1951 kwa Alfa Romeo. Lakini asidhani mtu kwamba hakukosea. Juni 1952 alishindana Ireland ya Kaskazini, akakosa ndege, akaendesha gari usiku kucha kutoka Paris kuvuka milima ya Alps, akafika Monza kiasi cha nusu saa kabla ya shindano kuanza. Katika mzunguko wa pili gari lilimtupa nje, akavunjika mfupa wa shingo. Hakushindana tena mwaka ule. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko kurasa za ushindi wake.

Ubingwa mwingine aliupata 1954, 1955, 1956 na 1957. Ule wa 1956 aliupata kwa msaada: kijana Peter Collins, ambaye naye aliweza kuwa bingwa, alishuka Monza akamwachia gari lake.

Kisha ikaja Nürburgring, Ujerumani, tarehe 4 Agosti, 1957. Fangio, miaka 46, alianza na mafuta nusu tangi ili Maserati yake iwe nyepesi. Aliposimama kujaza na kubadili matairi, mafundi walichelewa, akarudi njiani akiwa nyuma ya Ferrari za Hawthorn na Collins kwa sekunde kama 50, na mizunguko imebaki 10. Akaanza kuzipita kona kwa gia ya juu kuliko desturi yake. Alivunja rekodi ya uwanja mzunguko baada ya mzunguko mpaka dakika 9 na sekunde 17.4, akawapita wote wawili katika mzunguko wa 21, akashinda kwa sekunde 3.6. Baadaye alikiri kwamba hakuwahi kuendesha hivyo na hakutaka kurudia.

Hakurudia. Aliacha Julai 1958, katika shindano la Ufaransa ambamo Luigi Musso alikufa. Mwezi uliofuata Collins alikufa Nürburgring. Januari 1959 Hawthorn naye, barabarani kwao Uingereza. Fangio alikuwa ameanza mashindano 51 ya ubingwa wa dunia na kushinda 24. Alifariki tarehe 17 Julai, 1995, mzee wa miaka 84, akazikwa Balcarce.

Bwana mdogo, kama bado unataka, shule ikifungwa njoo gereji Jumamosi asubuhi na nguo za kuchafua. Kuna Land-Rover kuukuu inanisubiri. Tutaanza na breki.