Al-Kindi, Mfumbuzi wa Maandishi ya Siri

Safari hii tumtazame mwanachuoni ambaye wengi wanamjua kwa falsafa tu, kumbe kazi yake inafika hadi kwenye kompyuta tunayotumia nyumbani.

Abu Yusuf Yaaqub bin Is-haq al-Kindi alizaliwa Kufa, nchini Iraq, yapata mwaka 801. Baba yake alikuwa liwali wa mji huo. Alisoma Baghdad, akawa karibu na Khalifa al-Ma'mun, kisha al-Mu'tasim akampa mwanawe Ahmad amsomeshe. Aliandika juu ya tiba, nyota, muziki, manukato na namba za Kihindi.

Miongoni mwa risala zake imo moja ya kufumbua maandishi ya siri. Mtu akitaka kuficha barua alibadilisha kila herufi kwa alama nyingine, akaona ameshafunga mlango. Al-Kindi alionyesha kuwa mlango huo uko wazi. Chukua maandishi marefu ya kawaida ya lugha ileile, uhesabu kila herufi imekuja mara ngapi. Halafu hesabu alama za ile barua. Alama iliyozidi zote ilinganishe na herufi iliyozidi zote, ya pili na ya pili, na kuendelea. Katika Kiarabu hutangulia alif na lam. Katika Kiswahili ni a. Hesabuni ukurasa huu muone.

Nakiri kwamba mimi mwalimu wenu niliwahi kuweka maneno yangu yote ya siri katika faili moja la kompyuta, pamoja na maelezo yake marefu, kila herufi nimeisogeza hatua moja: a ikawa b. Nikajiona hodari! Nilipojifunza njia ya al-Kindi nikalifungua tena faili lile. Zimejaa b kila mstari. Nililifuta siku ileile. Sasa natumia programu ya kutunzia maneno ya siri, ambayo huyavuruga maandishi hata kuhesabu herufi kusimfae mwizi. Hufunguka kwa neno kuu moja, refu, nisilolitumia pengine popote.

Al-Kindi naye alipata msiba wa kuporwa. Inasimuliwa kuwa Muhammad na Ahmad, wana wa Musa, walimfitini kwa Khalifa al-Mutawakkil. Akapigwa, na maktaba yake yote wakaichukua wao. Baadaye mfereji waliosimamia uchimbaji wake ukaharibika, wakamwendea mhandisi Sanad bin Ali awanusuru na hasira ya Khalifa. Sanad hakuwa na maelewano na al-Kindi, lakini alikataa kuwasaidia mpaka vitabu virudishwe kwa mwenyewe. Vikarudi.

Alifariki Baghdad yapata mwaka 873, Mwenyezi Mungu amrehemu. Vitabu vyake vingi vimepotea. Risala ya maandishi ya siri ilikuja kuonekana katika maktaba ya Süleymaniye mjini Istanbul, ikachapishwa Damascus mwaka 1987.