Claudius Ptolemy na Mji wa Rhapta Uliozama

Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hukutana na jina la Claudius Ptolemy mapema, katika mihadhara ya mwanzo kuhusu chimbuko la lugha na mwambao wake, kisha huachana nalo upesi. Hutajwa kama shahidi tu: katika karne ya pili baada ya Kristo aliutaja mji wa Rhapta katika pwani ya Azania, basi. Machache husemwa kuhusu mtu mwenyewe, na machache zaidi kuhusu namna alivyoujua mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Ilhali ni katika namna hiyo ndimo ilimozaliwa hekaya ya mji uliozama, hekaya ambayo imewatia watu baharini kupiga mbizi kandokando ya kisiwa cha Mafia.

Ptolemy alizaliwa yapata mwaka 100 B.K. na akaishi Aleksandria, nchini Misri, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Warumi. Jina la Claudius ni la Kirumi; la Ptolemy ni la Kiyunani, na lilienea Misri kwa sababu ya wafalme waliotawala huko kabla ya Warumi. Waandishi wa zama za kati walimchanganya na wafalme hao, hata wachoraji wa Ulaya wakamvika taji ambalo hakuwa nalo. Alikuwa mtu wa vitabu na ala za kupimia nyota. Vipimo vyake mwenyewe vya sayari na kupatwa kwa mwezi vina tarehe, navyo vinaanzia mwaka 127 na kukoma mwaka 141. Kutokana navyo aliandika vitabu 13 vya falaki ambavyo Waarabu, waliomwita Batlamiyus, walivihifadhi na kuvipa jina ambalo Ulaya ililigeuza kuwa Almagest. Humo aliiweka dunia katikati na nyota zikiizunguka, na kwa takriban miaka 1,400 wasomi wengi waliridhika hivyo. Aliandika pia juu ya unajimu wa kutabiri, muziki na nuru.

Yapata mwaka 150 aligeukia ardhi. Azma yake ilikuwa kubwa: kila mji, kila mlango wa mto na kila rasi inayojulikana ipewe namba mbili, latitudo na longitudo, ili yeyote mwenye kitabu aweze kuichora dunia upya bila kuona ramani. Alikusanya mahali takriban 8,000. Kwa nyota alikuwa ametazama kwa macho yake. Kwa miji ya mbali hakuwa na njia ila masikio. Alimtegemea sana Marinus wa Tiro, mwanajiografia aliyemtangulia, na kupitia kwake akapata habari za mabaharia watatu waliofika pwani yetu. Wa kwanza ni Diogenes, ambaye alipokuwa akirejea kutoka India alichukuliwa na upepo wa kaskazini karibu na rasi ya Aromata, inayoitwa leo Guardafui. Akasukumwa kwa siku 25 hadi akafika jirani na Rhapta. Wa pili, Theophilos, aliondoka Rhapta kwa upepo wa kusini akaifikia Aromata siku ya 20. Wa tatu, Dioskoros, alikwenda kusini zaidi hadi rasi ya Prason. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa pepo hizo: ni kaskazi na kusi, zilezile zilizoendesha majahazi hadi karne ya ishirini.

Hapa ndipo tabia ya Ptolemy inapodhihirika. Siku za safari zilipogeuzwa kuwa masafa, Prason ilitupwa kusini mno. Marinus alipunguza hesabu. Ptolemy akaona haitoshi, akapunguza tena. Hoja yake haikutoka baharini. Alisema kwamba watu weusi, ndovu na vifaru huanza kuonekana katika nyuzi za Meroe, kaskazini ya ikweta. Kwa hiyo kusini nako mipaka yao lazima iwe umbali uleule. Hivyo mabaharia walisahihishwa na mtu aliyeketi chumbani. Haikuwa dharau, kwa maana mahali pengine aliwapendelea wasafiri kuliko vitabu: wafanyabiashara waliovuka kutoka Uarabuni hadi Rhapta walipomweleza kwamba maziwa ya mto Nile hayako pwani bali bara sana, aliwaamini na kumkosoa Marinus. Katika jambo hilo wachuuzi walikuwa sahihi.

Namba alizoipa Rhapta ni digrii 7 hivi kusini ya ikweta, na rasi yake digrii 8 na ushei. Mwenye ramani ya leo huweka kidole hapo na kuangukia delta ya Rufiji, na mbele yake Mafia. Lakini Ptolemy aliiweka Aromata si zaidi ya digrii 6 hivi kaskazini ya ikweta, ilhali rasi hiyo iko karibu digrii 12. Kosa hilo likisahihishwa na Rhapta ikasogezwa pamoja na rasi, mji unahama hadi maeneo ya Lamu na mlango wa Tana. Ndiyo maana wataalamu wameutafuta kuanzia pwani ya Kenya hadi Pangani, Dar es Salaam na Rufiji, na kila mmoja ana namba za kumuunga mkono.

Jina lenyewe nalo ni fumbo. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa na Myunani asiyejulikana katika karne ya kwanza, unaeleza kuwa mji uliitwa hivyo kutokana na vyombo vyake vilivyoshonwa, kwani kwa Kiyunani neno hilo lina maana ya kushona. Mswahili atakumbuka mtepe mara moja, chombo ambacho mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari. Hata hivyo, wenyeji hawangeuita mji wao kwa Kiyunani. Mwongozo huohuo unasema kuwa manahodha wa Kiarabu waliofika huko walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Lugha hiyo haikutajwa jina, wala neno lake moja halikuandikwa. Ptolemy, aliyekuwa mwangalifu wa kuandika hata sehemu ya digrii, hakuuliza. Kwa mwanaisimu, hasara hiyo inazidi ya kuta na nyumba.

Kuna ushahidi mwingine wa Ptolemy unaoweza kupimwa mbali na bahari. Katika kitabu chake umo Mlima wa Mwezi, ambao theluji yake hulisha maziwa ya Nile. Wapo wataalamu wanaoshuku kwamba mlima huo uliongezwa na wanakili wa baadaye. Hata hivyo habari ya theluji karibu na ikweta ilibaki kitabuni kwa karne nyingi. Asafiriye leo kwa barabara ya Mombasa kupitia Makindu kuelekea Emali, asubuhi isiyo na mawingu, huiona theluji ya Kilimanjaro kwa upande wa kushoto. Nchi hii ya Ukambani ilipitiwa na misafara ya pembe za ndovu katika karne ya kumi na tisa, na Wakamba waliuita mlima huo kwa jina ambalo Johann Ludwig Krapf aliliandika Kima ja Jeu, yaani mlima wa weupe. Johannes Rebmann aliuona tarehe 11 Mei 1848. Krapf, mwenyeji wake akiwa Kivoi, aliuona mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Jijini London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alikataa katakata kuwa theluji ingeweza kuwapo. Wenyeji walikuwa wameipa jina zamani. Ni rahisi kukisia kwamba habari iliyomfikia Ptolemy ilipita njia ya namna hiyo, kutoka kinywa cha mtu wa bara hadi sokoni pwani, kisha kwa nahodha.

Ptolemy alifariki yapata mwaka 170. Mji wake ulitoweka katika maandishi: al-Masudi, aliyesafiri pwani hii mwaka 916, anataja Qanbalu, si Rhapta. Kitabu kilitumiwa na wasomi wa Baghdad katika karne ya tisa, kikafufuliwa Konstantinopoli na mtawa Maximus Planudes yapata mwaka 1295, kikatafsiriwa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, na kuchapishwa pamoja na ramani huko Bologna mwaka 1477. Ndipo Rhapta iliporudi, ikiwa na namba kamili lakini haina mtu wa kuionyesha.

Plato, karne tano kabla ya Ptolemy, aliuzamisha Atlantis kwa mkono wake mwenyewe ili kuikamilisha hadithi yake. Ptolemy hakuzamisha chochote. Waliouzamisha Rhapta ni wasomaji, kwa sababu kitu chenye anwani kisipopatikana juu ya ardhi hutafutwa chini ya maji. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mpiga mbizi aliyeona safu za mawe ya mraba chini ya bahari karibu na Mafia, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika kwamba huenda Rhapta imeonekana. Mawe ya pwani huweza kupasuka yenyewe kwa mistari iliyonyooka, na uchimbuzi wa kuamua jambo hilo haujatangazwa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amechimba Mkukutu, katika eneo la Rufiji, akapata shanga za Kirumi. Zilikuwa nchi kavu, zimefukiwa udongoni.