Georgy Zhukov: Mshona Manyoya Aliyefika Berlin

Kila tunapofika kwenye Vita Vikuu vya Pili vya Dunia katika somo la historia, majina yanayotajwa ni yale yale: Churchill, Roosevelt, Montgomery, Eisenhower. Sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini wanajeshi wengi wa Hitler waliouawa katika vita vile waliuawa upande wa mashariki, wakipigana na jeshi la Muungano wa Kisovieti. Na jemadari aliyetumwa kila mahali ambapo mambo yalikuwa yamechacha alikuwa mtoto wa mshona viatu, jina lake Georgy Zhukov. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Alizaliwa mwaka wa 1896 katika kijiji cha Strelkovka, mkoa wa Kaluga, si mbali sana na Moscow. Baba alishona viatu, mama akafanya vibarua vya kubeba mizigo. Umaskini wao ulikuwa wa kutupwa. Paa la nyumba yao lilibomoka kwa uzee, ikawabidi wakae kwenye kibanda. Kijana alisoma shule ya kijijini kwa miaka 3 tu, na mwaka wa 1908 akapelekwa Moscow kwa mjomba wake aliyekuwa na karakana ya kushona makoti ya manyoya. Msidhani alikwenda kudekezwa. Mjomba alikuwa mkali, na kofi halikuwa mbali. Mchana Georgy alifagia, akatumwa huku na huko na kujifunza ufundi, na baadaye akawa anakwenda masomo ya jioni. Akahitimu akawa fundi kamili. Pengine angezeekea kwenye manyoya hayo kama si vita.

Mwaka wa 1915 aliingizwa katika jeshi la mfalme wa Urusi, kikosi cha wapanda farasi, akapata nishani mbili za ushujaa. Baada ya mapinduzi ya 1917 akajiunga na Jeshi Jekundu, akapanda ngazi polepole. Halafu zikaja zile siku mbaya za 1937 na 1938, Stalin alipowageukia maofisa wake mwenyewe. Kati ya mamarshali 5 wa nchi ile, 3 waliangamizwa. Zhukov aliponea chupuchupu.

Mwaka wa 1939 alitumwa Mongolia, kwenye mto wa Khalkhin Gol, ambako Wajapani walikuwa wakigombania mpaka. Alikusanya vifaru na ndege kimyakimya, akawafanya adui waamini kwamba anajiandaa kujilinda tu. Tarehe 20 Agosti akawafyatukia kutoka pande mbili, akawazingira, akawamaliza. Wanahistoria wengi huona kwamba kipigo hicho ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Wajapani waache kuitazama Siberia na kugeukia kusini, kwenye makoloni ya Wazungu. Huko kusini ndiko Burma iliko, na ndiko babu zetu wa King's African Rifles walikopelekwa kupigana nao mwaka wa 1944. Kumbe dunia ni ndogo hivyo!

Tarehe 22 Juni 1941 Hitler aliivamia Urusi kwa askari zaidi ya milioni 3. Wakati huo Zhukov alikuwa mkuu wa makao makuu ya jeshi. Mwezi wa Julai alimwambia Stalin ana kwa ana kwamba mji wa Kiev hauwezi kushikiliwa, jeshi liondolewe kabla halijazingirwa. Nani alithubutu kumkatalia Stalin siku hizo? Stalin alikasirika, akamvua cheo. Septemba Kiev ikaanguka, na mamia ya maelfu ya askari wakatekwa. Ikadhihirika nani alisema kweli.

Mwezi huo huo alipelekwa Leningrad, mji ambao Wajerumani walikuwa wameufikia mlangoni. Ulinzi ukasimama imara, ingawa mji wenyewe ulikaa chini ya mzingiro hadi Januari 1944, na watu wakafa njaa kwa mamia ya maelfu. Oktoba akaitwa haraka Moscow. Wajerumani walikuwa karibu, theluji inaanza kuanguka, injini zao zinaganda, nguo za baridi hawana za kutosha. Aliwaacha wachoke, na tarehe 5 na 6 Desemba akashambulia. Jeshi la Hitler likarudi nyuma.

Baadaye yeye na Vasilevsky walisaidia kupanga mtego wa Stalingrad, uliofyatuka tarehe 19 Novemba 1942. Mwezi wa Februari 1943 mateka Wajerumani wapatao 91,000 walitoka vifusini wakitetemeka.

Hapa lazima niseme ukweli wote, maana sipendi wasifu wa sifa tupu. Zhukov hakuwa malaika. Siku zile zile za Stalingrad alisimamia shambulio jingine karibu na Rzhev, likashindwa vibaya na kula askari wengi sana. Alikuwa na ulimi mkali, na uhai wa askari aliutumia bila kuuonea huruma. Tena bwana wake, Stalin, alikuwa dikteta kama Hitler alivyokuwa dikteta. Je, mtu anayemtumikia dikteta mmoja ahesabiwe kuwa mkombozi kwa kumwangusha mwingine? Mimi naona watu wa Leningrad na Stalingrad hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Adui aliyekuja kwao alikuja kuwaua na kuwafanya watumwa. Raia na askari wa Kisovieti wapatao milioni 27 walikufa katika vita vile.

Wala hawakushinda peke yao. Marekani iliwapelekea malori na jeepu zipatazo 400,000, na chakula tele. Tarehe 6 Juni 1944 Washirika waliteremka Normandy, na wiki mbili baadaye Warusi wakalivunja jeshi la Wajerumani huko Belarus. Hitler akabanwa kama panya kati ya milango miwili.

Tarehe 16 Aprili 1945 Zhukov aliushambulia mlima wa Seelow, njia ya kwenda Berlin. Aliwasha taa kali 143 ili kuwapofusha adui. Moshi na vumbi vikaurudisha mwanga machoni mwa askari wake mwenyewe! Wengi walikufa, lakini Mei 2 Berlin ilianguka. Usiku wa Mei 8 kuamkia Mei 9, mtoto wa mshona viatu aliketi mbele pamoja na wakuu wa Uingereza, Marekani na Ufaransa, huku Keitel wa Ujerumani akitia sahihi.

Tarehe 24 Juni, mvua ikinyesha, alikagua gwaride la ushindi mjini Moscow juu ya farasi mweupe. Umaarufu huo ulimponza. Mwaka wa 1946 Stalin alimtupa Odessa, kisha 1948 akampeleka milima ya Ural, asionekane. Stalin alipofariki mwaka wa 1953, Zhukov alirudi, akashiriki kumkamata Beria, yule mkuu wa polisi wa siri aliyeogopwa na kila mtu. Mwaka wa 1955 akawa waziri wa ulinzi. Mwaka wa 1957, akiwa ziarani nje ya nchi, Khrushchev alimfanyia hila, na alivyorudi nyumbani akakuta kazi haipo.

Alikaa akiandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka wa 1969 baada ya kukatwakatwa na wakaguzi wa serikali. Alifariki tarehe 18 Juni 1974, na majivu yake yakawekwa katika ukuta wa Kremlin. Mwaka wa 1995, miaka 50 baada ya ushindi, alisimamishiwa sanamu hapo karibu, akiwa juu ya farasi.