Steller: Jamaa aliyemjua nguva mkubwa kuliko wote, kisha dunia ikammaliza

Ukisimama kwenye daraja la Mto Nairobi kule Dandora, utaona maji meusi yakibeba chupa, nailoni na kiatu kimoja kimoja. Wengi wetu tunaoishi Eastlands huyapita tu tukikimbilia matatu. Lakini maji hayo hayaishii mtaani. Huingia Mto Athi, ukawa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari Hindi karibu na Malindi.

Katika bahari hiyo, hasa upande wa Lamu, bado kuna nguva wachache. Huyu si yule mwanamke nusu samaki wa hadithi za shosho. Ni mnyama halisi, anayezaa na kunyonyesha, mwenye urefu wa mita tatu hivi, na chakula chake ni nyasi za baharini. Ukoo wake na ndovu ni wa mbali lakini upo.

Nguva wetu alikuwa na binamu kwenye bahari ya baridi kaskazini, mkubwa mara kadhaa kumliko. Leo hayupo. Tunachojua kuhusu maisha yake kimetoka hasa kwa mtu mmoja: Georg Wilhelm Steller.

Steller alizaliwa Machi 10, 1709, katika mji mdogo wa Windsheim, Ujerumani. Familia yao haikuwa na hela nyingi na watoto walikuwa wengi. Alianza kusomea dini katika chuo cha Wittenberg, kisha akahamia Halle, ambako mimea, wanyama na udaktari vilimteka akili. Kazi ikakosekana. Hiyo story vijana wa Nairobi wanaijua vizuri: una karatasi, huna ajira.

Mnamo 1734 aliamua kutafuta riziki mbali. Aliingia meli iliyobeba wanajeshi majeruhi wa Urusi, akiwatibu njiani hadi St Petersburg. Huko alisikia kuhusu safari kubwa iliyoongozwa na Vitus Bering, nahodha kutoka Denmark aliyeajiriwa na Urusi, ya kutafuta njia ya bahari kutoka Asia hadi Amerika. Steller akaomba nafasi, akaipata. Mkewe alikataa kuendelea na safari ndefu ya Siberia, wakaachana njiani. Steller akasonga peke yake, na ilipofika 1740 alikuwa Kamchatka, ukingoni mwa Asia.

Juni 1741 meli iling'oa nanga. Steller alikuwa msomi kati ya mabaharia, na hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na mdomo, kichwa ngumu, na hakuficha pale alipoona wenzake wamekosea. Nao wakawa wanampuuza, hata alipokuwa na haki.

Julai 20, 1741, walifika kwenye kisiwa kando ya Alaska. Bering alitaka maji ya kunywa tu, kisha warudi haraka kabla ya dhoruba. Steller alikasirika sana: safari iliyotayarishwa kwa karibu miaka kumi, halafu unapewa kama saa kumi tu za kutalii! Alikimbia huku na huku akikusanya mimea. Hapo aliletewa ndege wa bluu aliyefanana na picha aliyokuwa ameiona kitabuni, akajua kwa hakika kwamba wamefika bara la Amerika.

Safari ya kurudi ilikuwa balaa. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, uliwashika mabaharia mmoja baada ya mwingine. Ufizi ulivuja damu, miguu ikakataa kusimama. Steller alijua majani mabichi yangewasaidia, lakini alipoomba watu wa kumsaidia kuyachuma kwa wingi, maafisa walimpuuza. Novemba, meli ikiwa imeharibika, walitupwa kwenye kisiwa kisicho na mtu wala mti. Bering alifia hapo Desemba, na leo kisiwa hicho kina jina lake.

Walionusurika walichimba mashimo mchangani, wakayafunika kwa matanga na mbao zilizoletwa na mawimbi. Mbweha wa theluji waliingia humo bila woga, wakatafuna viatu na hata maiti. Katika mahangaiko hayo, yule waliyempuuza ndiye aliyekuwa akipika supu, kutibu wagonjwa na kutafuta mimea. Kati ya watu zaidi ya 70 walioondoka, 46 waliokoka.

Na hapo ndipo Steller alipofanya kazi iliyobeba jina lake hadi leo. Ufuo ulijaa wanyama wa baharini wasiomwogopa binadamu. Aliwatazama fisi maji wa baharini, mama akielea chali na mtoto kifuani. Aliketi kwa siku kadhaa kati ya sili wenye manyoya, akaona madume makubwa yakitangulia kufika ufuoni, kila moja likishika eneo lake na kupigania majike. Aliwaandika pia simba wa baharini, ambao sasa huitwa kwa jina lake.

Lakini aliyemshangaza zaidi ni ng'ombe wa baharini, yule binamu wa nguva. Hebu fikiria matatu ya abiria 33 ikielea majini: urefu wake ulikaribia hivyo, kama mita nane, na uzito wa tani kadhaa. Hakuwa na meno. Alikula mwani karibu na ufuo siku nzima, mgongo ukiwa juu ya maji, akiinua pua kupumua kila baada ya dakika chache. Waliishi kwa makundi, watoto wakiwekwa katikati. Steller alimpima jike mmoja mwanzo hadi mwisho huku mbweha wakimwibia karatasi na vifaa.

Aliona jambo lingine lililomgusa. Mmoja akichomwa kwa chuma, wenzake walimkaribia, wengine wakijaribu kuikata kamba kwa miili yao. Dume mmoja alirudi ufuoni siku mbili mfululizo, mahali jike wake alipokuwa ameuawa.

Tusimfanye Steller malaika. Yeye pia alikula nyama hiyo, na bila nyama hiyo pengine asingerudi. Walikuwa na njaa, nao mnyama mmoja aliwalisha kwa wiki kadhaa.

Walijenga mashua kutoka kwa mabaki ya meli, na Agosti 1742 wakafika Kamchatka. Nafasi ilikuwa finyu, Steller akalazimika kuacha sehemu kubwa ya mikusanyo yake. Ngozi za fisi maji, zilizokuwa na bei kali, zilipata nafasi.

Huko Kamchatka aliingia matatani kwa kuwatetea wenyeji, Waitelmeni, waliokuwa wakidhulumiwa. Alishtakiwa kwamba amewaachilia wafungwa wao. Akiwa njiani kurudi St Petersburg, alikamatwa akarudishwa nyuma, kisha akaachiliwa. Homa ilimuua katika mji wa Tyumen, Novemba 1746, akiwa na miaka 37. Kitabu chake kuhusu wanyama wa baharini kilichapishwa 1751, hakukiona.

Wakati huo wawindaji walikuwa wameona zile ngozi, wakamiminika visiwani. Chakula chao kilikuwa ng'ombe wa baharini. Kufikia 1768, miaka 27 tu tangu Steller amwone, mnyama huyo alikuwa ameisha. Hakuna aliyekusudia kummaliza. Kila mmoja alichukua chake, akaenda zake.

Turudi nyumbani. Nguva wa pwani ya Afrika Mashariki aliwekwa mwaka 2022 kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, akikadiriwa kubaki na wakubwa wasiofika 250 katika ukanda mzima. Jike huzaa mtoto mmoja kwa miaka mingi, hivyo kila anayekufa ni pengo. Hunaswa kwenye jarife, akashindwa kupanda kupumua, akazama. Nazo nyasi anazokula hufa maji yakijaa tope na uchafu.

Hakuna anayeamka Umoja au Kayole akipanga kumuua nguva. Hata wale wawindaji hawakupanga. Lakini ile nailoni unayoitupa kwenye mtaro mvua ikinyesha ina safari, na sasa unajua inakoelekea. Steller alituachia karatasi kuhusu mnyama ambaye hatutamwona kamwe. Nguva wa Lamu bado anapumua.