Rebmann na ziwa moja lililokuwa matatu

Chukua namba za Fort Jesus kutoka ramani ya zamani iliyopimwa kwa mfumo wa Arc 1960, uzitie kwenye simu yako inayotumia WGS 84 bila kuzibadilisha. Ngome inahama karibu mita 300! Kwa vichochoro vya Old Town, huo ni mtaa mwingine kabisa. Namba hazina kosa. Kinachokosekana ni maelezo ya pembeni: nani alipima, lini, kwa mfumo gani. Mafundi wa ramani huyaita metadata.

Johannes Rebmann hakulijua neno hilo, lakini maisha yake yaliligusa kila upande. Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akatua Mombasa 1846 kama mmisionari kuungana na Krapf. Makao yao yalikuwa Rabai, lakini Mombasa ndiko zilikoteremkia habari za bara, pamoja na pembe za ndovu.

Mnamo Mei 11, 1848, akielekea Uchagani na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliandika tarehe, njia na mtu aliyekuwa naye, hata kwamba Bwana Kheri aliuita weupe ule baridi tu. Kule London, William Desborough Cooley, bingwa wa ramani ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Wapi! Lakini safari iliyoandikwa hivyo mtu mwingine anaweza kuirudia, na Baron von der Decken alipofika mlimani 1861 na 1862, theluji ilikuwapo.

Kwenye ziwa, mambo yalienda mrama. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikuwa wakiwahoji wafanyabiashara wa misafara. Waliotoka Tanga walisema njia yao inaishia kwenye maji makubwa. Wa Bagamoyo vilevile, na wa Kilwa pia. Mmoja anasema nyanza, mwingine nyasa, na maneno yote mawili maana yake ni maji mengi. Basi wakayaunganisha. Likatokea ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na kombe, na ramani ilipochapishwa Ulaya katikati ya miaka ya 1850 watu walicheka.

Mimi nawatetea kidogo. Ramani ile ilionyesha njia za misafara, tena iliambatana na maelezo ya habari zilikotoka. Kwa hiyo kosa lingeweza kufuatwa hadi mzizi wake. Burton na Speke walimtembelea Rebmann Januari 1857, kisha wakaingia bara. Mwaka 1858 walifika Tanganyika, halafu Speke peke yake akaliona ziwa la kaskazini, ambalo leo tunaliita Victoria. Ukiongeza Nyasa la kusini, ni maziwa matatu, kila moja na msafara wake, kama wale wafanyabiashara walivyoeleza tangu mwanzo.

Rebmann aliendelea Rabai kwa miaka mingi akikusanya maneno. Ya Kinyasa alifundishwa na mtumwa aitwaye Salimini, na jina hilo hakuliacha lipotee. Alirudi Ujerumani 1875 akiwa kipofu, akafariki Korntal mwaka uliofuata. Kamusi ya Kinyasa ilichapwa 1877. Krapf ndiye aliyeihariri.