Kimathi na Bastola Moja

Makomredi, kwenye mijadala ya hosteli mimi nilikuwa mtetezi wa kitanzi: aliyeua, auawe. Halafu nikasoma kesi ya Dedan Kimathi.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1920, akawa mwalimu, baadaye akaingia msituni kuongoza wapiganaji wa Mau Mau. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi mguuni, akakamatwa. Mwezi uliofuata akashtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi. Basi. Shtaka halikutaja maiti hata moja! Kwa kanuni za hali ya hatari, bastola tu ilitosha kukunyongesha, na waliozitunga ni walewale waliokuwa wakipigana naye. Zaidi ya Wakenya 1,000 walinyongwa miaka ile.

Yeye alinyongwa Kamiti, 18 Februari 1957, akiwa na miaka 36. Familia haikupewa mwili. Mjane wake, Mukami, alililia kaburi hilo hadi naye akafariki mwaka 2023. Miaka 66, jamani. Yeye alihukumiwa kwa kosa gani?

Sanamu ya Kimathi pale katikati ya Nairobi imeshika bunduki. Huwa naipita nikienda kupanda matatu.