Samuel Johnson na Desturi ya Kukawia

Mwezi huu twawaletea habari za Samuel Johnson, ambaye Kanisa la Uingereza humkumbuka tarehe 13 Desemba, siku aliyofariki mwaka 1784. Alizaliwa Lichfield mwaka 1709, mwana wa muuza vitabu. Wengi humjua kwa kamusi yake kubwa ya Kiingereza. Aliahidi kuimaliza kwa miaka 3. Ikatoka mwaka 1755, baada ya miaka 9 hivi.

Sisi tumependa kueleza udhaifu wake, maana ni wetu pia. Pasaka nyingi, kabla ya kushiriki Meza ya Bwana, aliandika sala na kuahidi kuamka saa 2 asubuhi na kuacha uvivu. Pasaka iliyofuata ilimkuta bado analala mpaka adhuhuri, naye akaandika ahadi ileile. Wala si kupenda raha tu. Tangu ujana alisumbuliwa na huzuni nzito ya moyo, na kazi ilimtisha kabla hajaigusa.

Dawa moja ilimfaa: kufungwa na siku. Tangu mwaka 1750 hadi 1752 alitoa gazeti dogo kila Jumanne na Jumamosi, matoleo 208, karibu yote ya mkono wake. Hata makala yake juu ya ubaya wa kuahirisha yasemekana aliiandika mbio mbio huku kijana wa mpiga chapa akingoja!

Kwa mama yake hapakuwa na siku ya namna hiyo. Alipoondoka Lichfield mwaka 1740 hakurudi tena kumwona, ingawa alimpenda na kumpelekea fedha. Januari 1759 akapata habari kwamba mama ni mgonjwa sana. Akaandika barua baada ya barua, akasema atakuja ikiwezekana. Mama akafa, naye yungali London. Ili kulipa gharama za maziko aliandika hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, kwa jioni za juma moja tu. Tazama alivyoweza!

Kaburi la wazazi wake na ndugu yake lilikaa bila jiwe alilokusudia. Tarehe 2 Desemba 1784, akiwa mgonjwa kitandani, alipeleka Lichfield maneno ya kuchongwa, akaomba sana kazi ifanywe upesi, angali hai. Alifariki siku 11 baadaye.